Kugombea Ujumbe wa Kamati ya Shule

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, walakini kwa matunda yake ni kubwa. Nalo ni hili: je, yafaa mtumishi wa Serikali asimame mbele ya wazazi wenzake, aombe kura ya kuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wanakosoma watoto wake? Na ikiwa yafaa, aombe kwa njia gani? Na akiisha kuipata kura, aitumie kwa kazi gani? Jibu letu twalitoa mapema, ili msikilizaji asisumbuke kulitafuta: yafaa sana, lakini si kwa kila mtu, wala si kwa kila nia.

Vyama vya watumishi katika nchi hii havikuanza jana. Mwaka 1922, mjini Tanga, watumishi Waafrika wa Serikali waliunda chama chao chini ya uongozi wa Martin Kayamba, nayo ilikuwa miaka 7 kabla ya kuundwa African Association huko Dar es Salaam mwaka 1929. Watu wale walikuwa wachache, na kilichowakutanisha ni kalamu. Walijua kusoma barua, kuijibu, kuiweka mahali pake na kuitoa inapotakiwa. Katika siku zao shule ilikuwa ama ya Serikali ama ya misheni, na mzazi wa kawaida hakuwa na kiti mezani. Sisi tuliokuja nyuma yao tumekuta kiti kipo. Swali ni nani anayekikalia.

Kiti hicho hakikutolewa kwa hisani ya mtu. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliweka kamati kwa shule za msingi na bodi kwa shule za juu yake. Kwa miaka mingi kamati nyingi zilikuwa za jina tu, zikiitwa siku ya kujenga darasa au siku ya kumpokea mgeni. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa miaka 2002 hata 2006, mambo yalibadilika. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 2001, na watoto wakafurika madarasani. Idadi yao ilikuwa karibu milioni 4.4 mwaka 2000, na kufikia mwaka 2005 ilikuwa imepita milioni 7. Fedha za ruzuku zikaanza kupelekwa kwa kila shule, na kamati ikapewa kazi ya kuzipangia, kuzisimamia na kutangaza mapato na matumizi kwa wazazi. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, na wazazi huwa na wajumbe wao waliowachagua wenyewe. Basi kamati ya shule si baraza la kupigia makofi, bali ni mahali ambapo fedha ya umma huamuliwa na watu ambao si watumishi wa fedha.

Hapo ndipo neno letu linapoanzia. Ndugu wanachama, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mmoja aliyemo humu ndani, awe karani wa masjala, mhasibu, mtunza ghala, mpiga chapa au muuguzi, amefundishwa daftari. Ajua stakabadhi ni nini na hati ya malipo ni nini. Ajua kwamba muhtasari wa mkutano uliopita husomwa, husahihishwa, ndipo ukatiwa sahihi. Maarifa haya kwetu ni ya kila siku, hata twayaona si kitu. Lakini katika kamati nyingi za shule ndiyo yanayokosekana. Wajumbe wema wapo, wenye uchungu na watoto wapo, walakini karatasi ya hesabu ikizungushwa mezani, yapita mikononi mwao kama sahani tupu, na kila mmoja huitia sahihi kwa kuwa mwenziwe ameitia.

Natulitazame jambo hili kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Ruzuku iliyowekwa wakati wa MMEM ilikuwa dola 10, yaani karibu shilingi 10,000, kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Ulipoanza utaratibu wa elimumsingi bila malipo mwezi wa Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, katika hizo shilingi 10,000 shilingi 6,000 zilipelekwa shuleni moja kwa moja, na 4,000 zikawekwa kwa ajili ya vitabu. Tuseme kuna shule yenye watoto 600. Kwa kiwango hicho shule ile yapaswa kupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 300,000 kwa mwezi, nazo ni shilingi 500 kwa kila mtoto kwa mwezi. Katika hizo yatoke chaki, karatasi, mitihani, matengenezo madogo na gharama za ofisi. Na tena thamani yake imepungua: shilingi 10,000 zilizokuwa karibu dola 10 mwaka 2002, katika miaka hii ya 2020 hazizidi sana dola 4.

Mtu aweza kusema, fedha yenyewe ni kidogo hivyo, ya nini kujisumbua kuilinda? Sisi twasema kinyume. Tajiri akipoteza shilingi 100,000 hulala usingizi. Shule ile ikipoteza shilingi 100,000 imepoteza theluthi ya mwezi mzima. Kidogo ndicho kinachotaka mlinzi.

Na hesabu hiyo hiyo yatuonyesha mlango wa wizi ulipo. Kwa kuwa fedha huja kwa idadi ya watoto, anayeongeza majina kwenye daftari la mahudhurio huongeza fedha. Katika uhakiki uliofanywa mwaka 2016 yalionekana maelfu mengi ya wanafunzi hewa, majina yasiyo na mtoto. Kuyafichua hakuhitaji mkaguzi atoke mbali. Kwahitaji mjumbe mmoja aombe daftari, aingie darasani na mwalimu, ahesabu vichwa.

Majirani zetu wa Uganda walitufundisha jambo kubwa zaidi. Uchunguzi uliotazama miaka 1991 hata 1995, katika shule 250, ulionyesha kwamba katika ruzuku iliyotoka hazina kwa ajili ya matumizi ya shule, shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu. Nyingine ilizama njiani, katika wilaya. Serikali ya huko ikaanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichopelekwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika kilikuwa kimepita asilimia 80. Wataalamu wamebishana kama sifa yote ni ya matangazo, maana mabadiliko mengine katika mambo ya fedha yalifanyika wakati ule ule. Hatutaki kuingia katika ubishi wao. Lililo wazi ni kwamba mzazi hawezi kuuliza zilipo fedha asizojua kuwa zilitumwa, na kuwajulisha wazazi ni kazi ya karani yeyote mwenye karatasi, gundi na moyo.

Sasa, mbona watumishi wengi hawagombei? Tumesikia sababu tatu, nazo zastahili majibu ya adabu.

Sababu ya kwanza ni wakati. Mtumishi asema atoka kazini jioni amechoka. Ni kweli. Lakini kamati haikutani kila siku, na kazi nyingi ya mjumbe ni kusoma karatasi kabla ya kikao, kazi ambayo karani huifanya upesi kuliko wengine.

Sababu ya pili ni uhamisho. Mtumishi asema leo yupo hapa, kesho atapelekwa wilaya nyingine, kwa nini achukue kiti cha mwenyeji? Wazee walikwisha kumjibu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena mgeni ana faida moja: hana shemeji katika kila kikao. Walakini yampasa mtu wa namna hii afundishe wenzake kazi anayoifanya, ili siku ya kuhama aache watu watatu wanaojua kuusoma ukurasa wa mapato na matumizi. Asiyefundisha, akihama huhama na maarifa yake, na shule hubaki kama alivyoikuta.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo ni hofu. Mtumishi huogopa kwamba akiuliza habari za fedha shuleni, neno litapanda hata kwa wakubwa wake kazini, naye ataonekana mchochezi. Hatutaki kuwadanganya kwamba hofu hii ni ya bure. Twasema tu kwamba kuna njia ya kuuliza isiyomdhuru mtu, nayo ni njia ya kikao. Swali lililoulizwa kikaoni, likaandikwa katika muhtasari, ni la kamati nzima. Swali lililoulizwa kilabuni, au njiani na mtu aliyekasirika, ni la mtu mmoja. Anayelinda maneno yake ndani ya muhtasari ana ngao.

Lakini lipo kundi moja ambalo twaliomba lisigombee kabisa. Ikiwa meza yako kazini ndiyo inayopitisha fedha za shule ile, au ndiyo inayozikagua, usisimame. Huwezi kuwa mpelekaji na mpokeaji wa barua moja. Hata ukiwa mwaminifu kama malaika, watu watasema, nao watakuwa na haki ya kusema. Msaidie mwenzio agombee, umfundishe maswali ya kuuliza.

Sasa tuje kwenye kuomba kura. Jambo la kwanza: uombe mwongozo wa kamati za shule, uusome wote, ujue wajumbe ni wangapi, hukaa muda gani, na madaraka yao yaishia wapi. Mgombea asiyejua mipaka ya kiti huahidi yaliyo nje ya kiti. Kamati haimwajiri mwalimu wa Serikali wala haimfukuzi. Haipangi mishahara. Anayewaambia wazazi kwamba akichaguliwa atamwondoa mwalimu fulani, awadanganya, na ahadi ni deni.

Jambo la pili: hesabu kabla ya kuomba. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu, uizunguke shule na daftari mkononi. Viwango vya nchi vyajulikana: watoto 45 kwa darasa moja, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au kwa wavulana 25. Turudi kwenye shule yetu ya watoto 600, nusu wasichana na nusu wavulana. Yataka vyumba 14, matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Je, yapo mangapi? Ukikuta vyumba 8 na matundu 10, umepata hotuba yako yote bila kumtukana mtu. Simama mbele ya wazazi useme: tuna hivi, twatakiwa kuwa na hivi, kilichopungua ni hiki. Mkulima ambaye hakupata kusoma huelewa hesabu ya namna hii upesi, maana kila msimu huhesabu magunia yake.

Jambo la tatu: usiahidi kwamba michango itakoma, wala usiahidi kuwalazimisha watu kuchanga. Mwezi wa Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na neno hilo lawafaa watoto. Walakini wazazi wenye nia njema bado huchangia chakula au tofali kwa hiari yao. Ahadi ya kweli kwa mgombea ni moja, nayo twawaomba muishike hii tu: kila senti itakayopokelewa itaandikwa, na kila muhula hesabu itasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha itabandikwa mahali ambapo mtoto wa darasa la nne aweza kuifikia na kuwasomea wazazi wake.

Jambo la nne: usiombe kura kwa soda, wala kwa kabila, wala kwa dini, wala kwa chama cha siasa. Mtoto wa mpinzani wako akalia dawati moja na mtoto wako. Na ikiwezekana, ombeni kura ipigwe kwa karatasi za siri. Kunyoosha mikono mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu huwafanya watu kutazama uso wa mkubwa kabla ya kuinua mkono.

Jambo la tano lahusu mavazi ya moyo. Usiende mkutanoni kama mtu aliyetoka bomani kuja kuwafundisha washamba. Mama anayeuza vitumbua langoni mwa shule ajua ni mwalimu yupi huingia darasani na ni siku gani uji haukupikwa. Kalamu yako bila macho yake itaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo twawasihi muwahimize akina mama nao wagombee. Habari za choo cha wasichana hazisemwi sawasawa katika kikao cha wanaume watupu.

Mkichaguliwa, msianze kwa vita. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, tena mara nyingi ni mtu aliyebebeshwa mzigo wa mhasibu bila kufundishwa uhasibu. Wengine ni wezi, ndiyo, lakini wengi ni watu waliochoka, wenye stakabadhi ndani ya mfuko wa rambo. Mjumbe mwenye busara humwendea mapema amwambie, “Mwalimu, nina Jumamosi moja, tupange karatasi hizi pamoja.” Mwaminifu atashukuru, na asiye mwaminifu atatafuta udhuru. Kwa njia hiyo utajua yupi ni yupi bila kumshitaki mtu bure. Karatasi zikipangwa, tazama mambo matatu: kiasi kilichoingia benki, kiasi kilichotoka, na kitu kilichonunuliwa. Kisha uende ukakione kitu chenyewe kwa macho.

Wala msidhani kazi hii yawataka wenye shahada. Huko magharibi ya Kenya, kati ya mwaka 2005 na 2007, shule kadha zilipewa fedha za kuajiri walimu wa mkataba, na katika baadhi yake wazazi wa kamati wakafunzwa namna ya kuwasaili walimu hao na kuipima kazi yao. Palipofunzwa kamati, ndugu za walimu waliopewa nafasi kwa upendeleo walipungua, na masomo ya watoto yakasonga mbele zaidi. Wazazi wale walikuwa watu wa kawaida wa vijijini. Kilichoongezwa ni mafunzo kidogo na haki ya kuuliza.

Na ukishindwa je? Ukishindwa, mpe mkono aliyeshinda, kisha umpe zile hesabu ulizozifanya. Vyumba havikuongezeka wala kupungua kwa sababu ya kura. Hudhuria mkutano wa wazazi unaofuata, uulize kwa upole hesabu ya muhula. Mzazi anayeuliza kwa adabu kila muhula, hata bila kiti, huilinda shule kuliko mjumbe anayesinzia.

Ndugu wanachama, chama chetu husema mara nyingi juu ya haki zetu: mishahara, nyumba, likizo na kupandishwa vyeo. Ni vema, nasi tutaendelea kusema. Lakini watu wanaotuona tukipita asubuhi na mashati safi nao wana neno lao juu yetu. Huuliza, elimu hii waliyoipata kwa kodi zetu, itatufaa nini siku watoto wetu wanapokaa chini sakafuni? Kiti cha kamati ya shule hakina mshahara, hakina gari, wala hakiandikwi katika taarifa ya cheo. Walakini ni mahali ambapo swali hilo laweza kujibiwa kwa vitendo.

Basi twaleta shauri moja mbele ya mkutano huu, na twaomba lijadiliwe kabla hatujatawanyika. Kila tawi liandike majina ya wanachama wenye watoto katika shule za msingi za jirani, wasio na meza ya fedha za shule hizo, walio tayari kugombea uchaguzi ujao wa kamati. Nao watakaojiandikisha wapewe jioni mbili za kufundishana kuusoma ukurasa wa mapato na matumizi. Daftari la kuandikia majina liko mezani kwa Katibu, na kalamu ipo.